Bei ya Kuwa Maskini Mjini

Msafiri anayefika Nairobi kwa mara ya kwanza huujua umaskini wa mji huo kwa mkono ulionyooshwa: wa mama aliyeketi kando ya njia na mwanawe mapajani, wa mtu asiyeona anayeongozwa na mtoto katikati ya magari yaliyosimama kwenye taa, au wa kijana wa mtaani ambaye wenyeji humwita chokoraa, jina lililotokana na kuchokora mapipa ya taka na ambalo lingefaa kuachwa kabisa, kwa kuwa linamtambulisha binadamu kwa taka. Akitoa sarafu, msafiri huyo hubaki na shaka kama imesaidia. Asipotoa, moyo humsuta. Shaka yake ina msingi, hasa kwa mtoto anayeombeshwa, kwa maana kadiri kiganja cha mtoto huyo kinavyojazwa ndivyo anavyozidi kuwa na faida kwa mtu mzima anayemtuma, na ndivyo darasa linavyozidi kuwa mbali naye. Lakini swali la sarafu ni finyu mno kwa mji kama huo, kwa sababu wengi wa maskini wake hawaombi.

Fiqhi ya madhehebu ya Shafii, yaani elimu ya sheria za dini kama inavyofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ina tofauti moja kati ya aina mbili za wahitaji, ambayo mazungumzo ya kila siku yameifuta. Zaka, ambayo ni sehemu ya mali ambayo Mwislamu mwenye uwezo hulazimika kuitoa, ina makundi 8 ya watu wanaostahili kupewa, na mawili ya mwanzo ni mafukara na maskini. Fukara ni yule asiye na mali wala chumo la kukidhi hata nusu ya mahitaji yake, ilhali maskini ni yule aliye na kitu na anayefanya kazi, ila anachokipata hakimtoshi. Wanazuoni wa madhehebu hayo hutoa hoja kwa kisa cha Nabii Musa katika sura ya Al-Kahf, ambamo watu wenye chombo chao wenyewe, wanaochuma riziki baharini, wameitwa maskini. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuwa na chombo, na kazi, na bidii, na bado akastahili kusaidiwa.

Maskini wa aina hiyo ndio walioijaza Mukuru, mtaa wa mabanda ulio kando ya eneo la viwanda la Nairobi, wenye sehemu za Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, ambamo kaya zipatazo 100,000 huishi katika vyumba vya mabati ambavyo wenyeji huviita kumi kwa kumi, kwa kuwa kila upande una futi 10. Alfajiri wakazi hao huwa wamekwisha kushika njia kwa miguu kwenda kutafuta kibarua viwandani, saa ambayo msafiri bado amelala, na pengine ndiyo sababu yeye hawaoni. Huko maisha huendeshwa kwa kadogo, yaani kwa kununua kila kitu kwa kipimo cha siku moja: unga wa mlo mmoja, mafuta ya kupikia ya kukaangia mara moja, makaa ya kopo moja, na anayenunua kwa kipimo kidogo hulipa zaidi kwa kila gramu. Maji yanaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa kwa shilingi 5, basi mita moja ya ujazo, ambayo ni lita 1,000 au mitungi 50, humgharimu mnunuzi shilingi 250, na maji yanapoadimika bei ya mtungi hupanda. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu iliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006 ilieleza kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda hulipia maji mara 5 hadi 10 zaidi ya matajiri wa mji uleule. Dhuluma hiyo haiondolewi na sarafu ya njiani, kwa kuwa sarafu yenyewe huishia kwa muuzaji wa maji.

Msaada unaomfaa maskini anayefanya kazi ni ule unaoishusha bei hiyo, na wakazi wenyewe wamelijua hilo kabla ya wafadhili. Muungano wa Wanavijiji, ulioanzishwa mwaka 1996 na wakazi wa mitaa ya mabanda waliokuwa wakipinga kufukuzwa, umejengwa juu ya vikundi vya kuweka akiba, na ulishiriki katika jitihada zilizoifanya Kaunti ya Nairobi, mwezi Agosti 2017, kuitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji, maana yake ni eneo ambalo ujenzi mpya husimamishwa kwa muda ili maji, barabara na makazi vipangwe pamoja na wanaoishi hapo. Hata hivyo, mwezi Oktoba 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje juu ya ardhi iliyokuwa imetangazwa hivyo. Bomba la maji, hata likiwa jema kiasi gani, halimsaidii mtu ambaye chumba chake chaweza kubomolewa kesho.

Kundi la mwisho kati ya yale 8 ya zaka ni msafiri aliyeishiwa akiwa mbali na kwao. Wengi wa wakazi wa Mukuru nao walitoka mashambani kufuata kazi, na tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, mshahara wa kibarua unapopatikana, sehemu yake hutumwa kwa simu usiku uleule, ikawe karo ya ndugu mdogo au dawa ya mama kijijini, kabla kodi ya chumba haijalipwa.