Kamera ya Nyumbani: Picha Nyingi au Picha Safi?

Maelezo kwa wakazi wa Mukuyuni, Kaunti ya Makueni



Anayenunua kamera ya usalama hukutana mapema na swali la fremu: ngapi kwa sekunde? Fremu ni picha moja moja zinazopigwa mfululizo hadi zionekane kama filamu. Sinema hutumia 24, televisheni ya hapa nchini 25, na boksi la kamera hujivunia 30. Mwenye boma huona 30 ndiyo bora. Kisha mbuzi anaibwa, video inamwonyesha mwizi akitembea bila kukwamakwama, lakini uso wake ni doa.

Kamera hutengewa kiasi fulani cha data kwa sekunde, na fremu zote hugawana hicho hicho, kama debe moja la ndengu linalogawiwa nyumba nyingi. Kamera iliyowekwa megabiti 2 kwa sekunde ikipiga fremu 25, kila fremu hupata wastani wa kilobiti 80. Ikipiga 10, kila moja hupata 200. Data ikipungua, vinavyopotea kwanza ni vitu vidogo: mstari wa jicho, kovu, tarakimu za nambari ya gari. Ndivyo hasa polisi wanavyovitafuta.

Je, 10 zinatosha? Mtu anayetembea huenda kama mita moja na nusu kwa sekunde. Ua wa mita 8 humchukua zaidi ya sekunde 5 kuuvuka, na kamera itakuwa na picha zake zaidi ya 50. Kwa boma la kawaida, fremu 10 hadi 15 zinatosha.

Usiku mambo hubadilika. Gizani kamera hurefusha muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu. Muda huo ukifika sehemu moja ya 12 ya sekunde, mtembeaji amesogea sentimita 12 hivi, karibu upana wa uso, na picha inaburutika. Fremu zikiongezwa, muda huo hufupishwa na picha inabaki nyeusi, imejaa chembechembe. Taa mlangoni, iwe ya stima au ya sola, husaidia kuliko kamera ya bei kubwa.

Umbali nao una hesabu yake. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4 cha mwaka 2014 kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ili kumtambua mtu asiyejulikana. Kamera ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana, kwa hiyo isitazame eneo linalozidi upana wa mita saba na nusu. Kamera moja inayotazama shamba zima la maembe ni pambo tu. Ielekezwe langoni, mahali ambapo kila mtu lazima apite.

Duka lililo kando ya barabara ni kesi tofauti. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa husogea karibu mita 14 kila sekunde. Hapo fremu 25 zina maana, mradi kuna mwanga wa kutosha. Na kwa kuwa nambari ya pikipiki iko nyuma, kamera iitazame ikiondoka.

Limebaki suala la diski, na hili huwaumiza wanaofanya kazi Nairobi na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kamera nne za megabiti 4, zikirekodi mchana na usiku, hujaza diski ya terabaiti 1 kabla ya siku 6 kwisha. Baada ya hapo rekoda hufuta za zamani. Kamera mbili za megabiti 2 kwenye diski ya terabaiti 2 huweka kumbukumbu za zaidi ya siku 40.

Kamera isichungulie boma la jirani. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yake pia. Saa ya rekoda irekebishwe mara kwa mara. Wizi ukitokea, nakala ichukuliwe siku hiyo hiyo na iripotiwe kituoni pamoja na tukio lenyewe. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, hutaka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kutoka kwa msimamizi wa kifaa, kwa hiyo familia ijue mapema ni nani anayeisimamia rekoda hiyo.