Herufi ya Kichina Haichorwi

Ndugu msikilizaji, nilikuwa Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi. Asiyeifahamu Inyonga basi na aijue kwa asali. Karibu na stendi nilimkuta kijana ameinamia kipande cha boksi, kalamu ya wino mzito mkononi, ananakili neno "asali" kwa Kichina ili alibandike kwenye ndoo zake.

Kijana huyu aliwahi kufanya kibarua katika ujenzi wa barabara ya Tabora hadi Mpanda, ambako walikuwapo makandarasi kutoka China. Kichina chake cha mdomoni si haba: anahesabu, anataja bei, hata utani anauweza. Amekiokota kwa masikio, kama walivyokiokota baadhi ya wazee wetu walipokuwa wakijenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975. Kuandika ndiko kulikomshinda.

Nilimtazama. Alianzia chini, akapanda juu, akarudi katikati, kama mtoto anayechora ramani ya Afrika. Nami, niliyewahi kusoma lugha hiyo jioni kwa miezi michache kisha nikaishia njiani, nikajitia ualimu. Nikamwambia herufi hizi zina utaratibu wake. Juu hutangulia chini, kushoto hutangulia kulia, na mstari wa kulala hutangulia wa kusimama pale inapokatana.

"Kwani mnunuzi atajua nilianzia wapi, kaka?" akaniuliza.

Swali zuri. Kwenye ndoo ya asali hatajua. Na hata wenyewe hawakubaliani kila mahali: ndani ya herufi hiyohiyo ya asali mna sehemu ambayo Wachina huianza kwa nukta ya kushoto, na Wajapani kwa nukta ya juu. Kwa hiyo tusifanye kana kwamba ni sheria iliyoshuka kutoka mbinguni.

Lakini, ndugu msikilizaji, chukua kalamu uchore mraba mdogo. Wengi wenu mmepiga mistari minne. Mchina hupiga mitatu: wa kushoto, kisha wa juu unaokunja kona na kuteremka kulia bila kuinua kalamu, mwisho wa chini kufunga. Hilo ni neno "mdomo". Sasa kamusi zao nyingi za karatasi hupangwa kwa matamshi. Lakini neno usilojua linavyotamkwa hutafutwa kwa sehemu yake kuu na kwa idadi ya mapigo ya kalamu. Ukihesabu manne badala ya matatu, utapekua ukurasa usio wenyewe mpaka usiku. Tena mwandiko wao wa haraka huunganisha mistari kwa mfuatano uleule, na asiyeujua mfuatano huona vurugu tupu.

Hapo kijana akaweka kalamu chini. Alinieleza kwamba pale barabarani aliyekuwa akisoma karatasi ndiye aliyekaa kivulini na wakubwa akitafsiri. Yeye, mwenye maneno mengi kuliko huyo, alibaki na koleo. Maneno hayo yamenikaa moyoni. Vyuo Vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam vilifunguliwa Taasisi za Confucius mwaka 2013, na ni jambo jema. Ila kutoka Inyonga hadi Dodoma si mwendo wa kwenda na kurudi siku moja, na wanaokutana na Wachina kila siku kazini, wengi wao, hawakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Kozi ya jioni katika mji wa wilaya ingewafaa hawa kuliko mtu mwingine yeyote.

Tulianza upya. Nilikumbuka mwalimu wangu wa darasa la kwanza, aliyetuandikisha herufi hewani kwa kidole kabla ya kutupa penseli. Watoto wa China nao hufundishwa hivyo. Basi tukasimama pale stendi, watu wazima wawili, tunaandika hewani, na makondakta wanacheka. Kwanza paa juu, halafu katikati, mwisho mdudu chini, maana herufi ya asali ina mdudu miguuni mwake. Mapigo kumi na manne. Mara ya sita aliyahesabu yote bila kukosea.

Aliniomba daftari la hesabu, lile lenye vyumba, ili kila herufi ikae chumbani mwake. Nimempelekea mawili kwa basi la Mpanda.