Mjumbe wa Wazazi Katika Bodi ya Shule

Mazungumzo kwa wazazi na walezi



Kuna jambo litokealo katika mikutano mingi ya wazazi shuleni. Habari za mitihani zikiisha kusemwa, na hesabu ya fedha ikiisha kusomwa upesi upesi, mwalimu mkuu huuliza, "Haya, nani atakayekuwa mjumbe wenu?" Papo hapo kimya huingia. Huyu hutazama viatu vyake, yule hukumbuka ng'ombe aliowaacha malishoni. Mwishowe huchaguliwa mtu asiyekuwapo, kwa kuwa hawezi kukataa. Au mwenye motokaa, kwa kuwa ana motokaa. Kisha watu hurudi makwao wakidhani kazi imekwisha, kumbe hasara ndiyo kwanza yaanza.

Mazungumzo haya yahusu kiti hicho kinachokimbiwa: ni kiti cha namna gani, mzazi hukipataje, na akiisha kukikalia yampasa afanye nini.

Yafaa kuanza na sheria. Kwa miaka mingi shule za Kenya ziliongozwa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1968. Sheria hiyo iliondolewa, na mahali pake pakawekwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Mtu asidanganywe na jina lake, kwa maana yahusu shule za sekondari pia. Kwa sheria hii shule ya umma husimamiwa na Bodi ya Usimamizi. Ndani ya bodi hiyo wamo watu 6 waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi, au wenyeji wa mahali pale ikiwa ni shule ya sekondari ya kaunti. Yumo mmoja aliyetolewa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na walimu wenzake, watu 3 wa mfadhili wa shule, mmoja wa makundi maalumu katika jamii, mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu, na mwanafunzi mmoja kutoka baraza la wanafunzi. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Majina ya waliochaguliwa hupelekwa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, nayo ndiyo iwawekayo rasmi.

Hesabuni wenyewe. Hakuna kundi lililopewa viti vingi kuliko wazazi. Wala haikuwa bahati. Ni kwa kuwa mtoto ni wao.

Tena kuna mlango wa pili. Kila mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi, bila kuandikishwa na bila kulipa kiingilio. Chama hicho kina kamati, na kila darasa huwa na mjumbe wake katika kamati hiyo. Mwenyekiti wa kamati pamoja na wenzake wawili huingizwa katika Bodi ya Usimamizi. Kwa hiyo mzazi anayekubali kuwa mjumbe wa darasa moja tu ameanza safari iwezayo kumfikisha mezani pa bodi.

Sasa, ni mtu gani afaaye? Wengi hudhani ni lazima awe tajiri au msemaji sana. La, sivyo. Afaaye ni mtu ahudhuriaye mikutano, asomaye karatasi kabla ya kutia sahihi, asiyeona haya kusema "sijaelewa", na awezaye kuyachukua maneno ya wengine bila kuyapunguza wala kuyatia chumvi. Tajiri akiwa na sifa hizo, na achaguliwe. Muuza mboga akiwa nazo, naye achaguliwe.

Chukueni mfano wa mama mmoja auzaye mboga sokoni, mwenye mtoto darasa la 5, ambaye wazazi wamemchagua na kaunti imemkubali. Katika mkutano wake wa kwanza mwenyekiti aeleza kwamba lango la shule limechakaa, na kwamba kila mtoto atatakiwa kuleta shilingi 1,000 kabla ya mwezi kwisha. Asiyeleta atarudishwa nyumbani mpaka alete. Watu waliozoea bodi waitikia kwa vichwa. Karatasi yazungushwa ipate sahihi. Yamfikia yule mama.

Hapo ndipo kiti kinapokuwa kizito. Anajua majirani zake wawili ambao hawataipata shilingi 1,000 mwezi huu. Anajua pia kwamba mwanawe asubuhi atakuwa mbele ya walimu wale wale. Moyo wamwambia, "Tia sahihi, usijitafutie maneno." Lakini kalamu ile si yake peke yake, ni ya wote waliomchagua, na zaidi ni ya wale ambao hawakuweza hata kuja mkutanoni.

Akijua sheria, aweza kusema kwa adabu kabisa: "Mwenyekiti, lango ni jambo jema. Naomba kuuliza mambo matatu. Je, idhini ya Waziri ya kutoza fedha hizi ipo, na ameshauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti? Je, kila atakayelipa atapewa stakabadhi rasmi? Na mtoto ambaye mzazi wake hana, sheria si yakataza kumfukuza?"

Hakuna tusi katika maswali hayo, wala hakuna uasi. Yote matatu yamo katika sheria ile ya 2013, ambayo yakataza karo ya masomo katika shule za umma kwa watoto wa Kenya, na yaruhusu malipo mengine kwa idhini tu, tena kwa sharti kwamba mtoto asizuiwe kuingia shuleni kwa sababu ya kutolipa. Nayo yataka kila atozaye fedha atoe stakabadhi. Juu ya sheria hiyo ipo Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 53 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima.

Bodi iliyo njema itasema, "Mama amesema kweli, na tuandike kwanza kuomba idhini." Bodi iliyo mbaya itakunja uso. Hata hivyo swali likiisha kuulizwa, na likaandikwa katika kumbukumbu za mkutano, si rahisi kulifuta. Kwa hiyo mjumbe mwenye busara huomba swali lake liandikwe, na katika mkutano ufuatao husikiliza kwa makini kumbukumbu zikisomwa.

Ama ile hofu juu ya mtoto wake, si hofu ya kuchekwa. Dawa yake ni wingi. Wajumbe wa wazazi ni 6. Wakikutana kabla ya mkutano na kukubaliana ni nani atakayeuliza lipi, hakuna mmoja atakayeonekana kuwa mkorofi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kazi ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kurudi. Mjumbe asiyerudi kwa waliomtuma si mjumbe tena, bali ni mgeni wa bodi anayekunywa chai yake. Yampasa awaeleze wazazi yaliyoamuliwa, fedha zilizoingia, na zilivyotumika. Bodi ndiyo ipokeayo fedha za shule na kuzitolea hesabu. Ndiyo iajiriyo wapishi, walinzi na wafanyakazi wengine wasio walimu. Ndiyo iangaliayo usalama wa watoto na hali ya madarasa na vyoo. Mambo hayo si siri. Lakini habari za mtoto fulani aliyekosa, au za ugonjwa wa mtu, zikisemwa mezani na zibaki mezani. Mjumbe azipelekaye sokoni amewavunjia heshima waliomwamini.

Kadhalika ajue mipaka yake. Yeye si mkaguzi wa masomo, wala si bwana wa mwalimu mkuu. Walimu walioajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu wana mwajiri wao, na mjumbe hana ruhusa ya kuingia darasani kumkemea mwalimu mbele ya wanafunzi. Akiona kosa, kama vile mtoto kupigwa fimbo, jambo ambalo sheria imelikataza, na alilete mbele ya bodi kwa njia iliyo wazi. Na ikiwa shule yataka kununua mahindi, na muuzaji ni ndugu yake, au ni yeye mwenyewe, na aseme mapema, kisha atoke nje wenzake waamue. Mtu aliyeuliza habari za shilingi 1,000 za lango hawezi kunyamaza juu ya magunia yake mwenyewe.

Tena asiwe mtu wa kupinga tu. Lango lile bado limechakaa. Wazazi wakiambiwa kweli, wakaonyeshwa hesabu ya fundi, wakaachwa kila mtu atoe kwa hiari awezacho, awe na fedha, au mchanga, au siku moja ya kazi, huenda lango likasimama upesi kuliko kwa vitisho. Watu wa Kenya waliijua harambee tangu zamani; wachokacho ni kutoa bila kujua kilikokwenda.

Basi mkutano ujao utakapofika, na swali lile likaulizwa tena, watu wasitazame viatu vyao. Kwa kila kiti kilichoachwa wazi yuko mtoto mmoja atakayesimama nje ya lango jipya akiwa na daftari zake, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Na inuke mtu aseme, "Niko tayari." Na wale wasioinuka, waende mkutanoni wamsikilize anaporudi.