Mupira wa Chicago na sanduku letu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kilibula



Mumeniomba niseme juu ya timu ya vijana: tuifunge ao iendelee? Nitaanzia mbali kidogo, munivumilie.

Kuna kijana wetu tuliyekuwa naye kambini Nyarugusu, leo anaishi Chicago kule Marekani. Siku moja kwa simu alinieleza habari za chuo kikuu cha pale. Mupira wao si huu wetu. Uko murefu kama yai, wanaubeba mukononi, watu 11 kila upande, na kuangushana ndio muchezo wenyewe. Chuo kile kilianza kuucheza mwaka 1892, kocha wao akiwa Amos Alonzo Stagg. Alikaa pale miaka 40. Timu ilichukua ubingwa wa ligi yao mara 7. Mwaka 1935 muchezaji wao Jay Berwanger akawa mutu wa kwanza kabisa kupata zawadi ya Heisman, ile ya muchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani.

Halafu nguvu zikaisha. Muzee Stagg aliondolewa alipofika miaka 70. Mwaka 1939 Michigan iliwapiga 85 kwa 0. Mwezi wa 12 mwaka ule ule, mukubwa wa chuo, Robert Hutchins, akaifunga timu. Kwake yeye, chuo ni masomo.

Kiwanja kikabaki. Munajua kilipata kazi gani? Tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 1942, chini ya viti vya watazamaji, Enrico Fermi na wenzake waliamsha nguvu ya atomu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa hatua ya kwenda kwa bomu. Na urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilitoka hapa kwetu Kongo, Shinkolobwe, Katanga.

Sasa turudi nyumbani. Mimi nilikuwa mutunza sanduku. Vijana walikuwa na mechi ya mbali, wakakosa feza ya gari. Nikatoa katika sanduku la wagonjwa, nikisema tutarudisha. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Siku chache baadaye mama mumoja wa kwetu alihitaji kupasuliwa, sanduku likawa tupu. Aliuza mabati yake. Amepona, yuko hapa kati yetu, lakini mimi nikimuona ninaangalia chini. Kosa lile ni langu, si la vijana.

Kwa hiyo ninaelewa wazee wanaosema tufunge. Lakini muangalie kiwanja cha Chicago: ukikiacha bure, mwingine atakipatia kazi. Hapa kwetu Uvira, wote tunajua nani anamungojea kijana asiye na la kufanya saa kumi jioni. Hatukurudi toka kambini ili watoto wetu waende kubeba bunduki.

Ninaomba mambo matatu. Kwanza, masanduku mawili, funguo mbili, watunzaji wawili: la wagonjwa lisiguswe hata kama ni fainali. Pili, timu icheze karibu, mechi za kartie kwa kartie, pale miguu inapofika. Tatu, ninyi wafazili, mukitoa ya mipira, muandike ni ya mipira. Mukitoa ya wagonjwa, muandike vilevile.

Nimalizie na Chicago. Mwaka 1969 timu ya chuo ilirudi, na mupaka leo inacheza. Inacheza katika daraja la tatu la vyuo, hakuna anayelipiwa masomo kwa sababu ya mupira. Imerudi ndogo. Na sisi pia tulirudi hapa wadogo, na sufuria na mukeka. Kurudi mudogo si haya.