Kupanga Vyumba vya Nyumba Mpya
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka)



Halmashauri imenitaka niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu twaliwekea akiba tangu mshahara wa kwanza, nalo ni nyumba ya kujenga kwetu mashambani. Mimi si fundi wala mhandisi. Kazi yangu ni ya kalamu na vitabu vya hesabu, na kwa hivyo nitasema kama mtu wa hesabu: fedha nyingi za nyumba hupotea kabla ya jiwe la kwanza kulazwa, siku ile vyumba vinapochorwa.

Aghalabu mtu huichukua nyumba aliyoizoea mjini akaihamishia kwao. Tazameni nyumba za Majengo, Pumwani, mtaa uliofunguliwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nyumba zile zilifuata mtindo wa Waswahili wa pwani: njia ndefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani jiko na choo. Ni ramani ya busara kwa kazi yake, kwa kuwa mwenye nyumba alipangisha chumba kimoja kimoja, kila mlango na wenyewe, na ile njia ya katikati ilikuwa ya wote. Lakini baba mwenye mke na watoto watano ana wapangaji gani? Njia ya futi 4 kwa 30 ni futi za mraba 120. Chumba cha kulala cha futi 10 kwa 10 ni futi 100 tu. Basi mtu huyu amelipia msingi, sakafu na paa la zaidi ya chumba kizima, kisha akakifanya mahali pa kupita, tena pa giza. Milango mitatu ya vyumba vya kulala yatoshelezwa na ujia wenye upana wa futi 3 na urefu wa futi 6. Hizo ni futi za mraba 18.

Jambo la pili ni sebule, na hapa najua nitawaudhi baadhi yenu. Nimeingia katika nyumba ya ndugu mmoja, jina lake nalihifadhi, ambaye sebule yake ni futi 20 kwa 18. Viti vimepangwa ukutani kama katika baraza la chifu, navyo hukaliwa siku za Krismasi. Siku ya matanga watu hukaa nje, kama mjuavyo. Mama wa nyumba ile hupika katika kibanda cha mabati kilichoegemezwa ukuta wa nyuma, kwa sababu fedha zilikwisha. Anapika humo kwa mwaka wa sita sasa, mtoto mgongoni, na kikohozi chake husikika tangu njiani.

Moshi si jambo la kuchekewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, itokayo hasa katika kupikia kwa kuni, makaa na mafuta ya taa. Kwa hiyo nasema ramani ianzie jikoni. Asiyepika asilichore jiko peke yake. Amwite mama watoto, amwulize: maji yatoka wapi, kuni zawekwa wapi, unga wawekwa wapi panya wasiufikie, mtoto mchanga alala wapi wakati sufuria i motoni? Majibu yake ndiyo ramani. Jiko la kuni na liwe na madirisha pande mbili zinazoelekeana, na tundu la juu au dohani, na mlango wa kutokea uani. Likijengwa mbali na nyumba, liwekwe mahali ambapo upepo hautapeleka moshi vyumbani. Kuujua upepo si kazi ngumu: simama kiwanjani asubuhi na jioni, angusha konzi ya vumbi kavu, utazame liendako. Fanya hivyo wakati wa kiangazi na tena wakati wa baridi, maana upepo hugeuka.

Wengine wamesema, ukiondoa ile njia ndefu, vyumba vya kulala vitafunguka sebuleni, na mkwe akija atatazama kitanda. Hoja hiyo ni ya haki. Desturi zetu kwa wakwe hazikufutwa na bati wala saruji. Ndiyo maana ule ujia mfupi nauweka nyuma ya sebule, karibu na mahali pa kulia chakula, mgeni asiuone. Chumba cha vijana wa kiume kaweza kuwa na mlango wake barazani, nao wataridhika nacho zaidi.

Umbo la nyumba lina hesabu yake pia. Nyumba ya futi 20 kwa 30 ina eneo la futi za mraba 600, na kuta zake za nje ni futi 100. Eneo lile lile likinyoshwa liwe futi 12 kwa 50, kuta huwa futi 124. Mawe zaidi, saruji zaidi, wala hakuna hata nafasi ya kiti kimoja iliyoongezeka. Kona nyingi za urembo nazo huongeza gharama, hasa paani, ambako kila mkunjo ni mahali pa kuvuja.

Huku kwetu karibu na ikweta, jua la asubuhi na la alasiri ndilo liingialo chini ya upenu na kupasha ukuta moto. Basi kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi mashariki na magharibi. Palipo na baridi ya milimani, dirisha la mashariki katika chumba cha wazee si hasara.

Paa nalo ni kisima. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu ya paa la nyumba niliyoitaja huleta lita 1,400 hivi, yaani madebe 70, kabla ya kutoa yanayomwagika. Hesabuni ni safari ngapi za mtoni hizo. Kwa hiyo mteremko wa paa na mfereji wa bati uelekezwe upande wa jiko, na mahali pa tangi paonyeshwe katika ramani tangu mwanzo. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, tena chini ya mteremko.

Mshahara wetu haujengi nyumba nzima kwa mwaka mmoja. Ndugu wengi huchimba msingi wa vyumba sita, kisha magugu humea ndani yake hadi watoto wahitimu shule. Afadhali kuchora nyumba nzima lakini kujenga vyumba viwili na jiko, vikaezekwa, watu wakahamia. Katika ukuta utakaoongezewa, wekeni kizingiti cha juu cha mlango wa baadaye, kisha mzibe kwa matofali yatakayotolewa bila kubomoa. Ramani yenyewe ipelekwe ofisi ya kaunti ikubaliwe kabla ya kuchimba.

Mwisho, msiiamini karatasi peke yake. Ichoreni nyumba juu ya ardhi kwa mambo, kamba na majivu, kila chumba kwa kipimo chake. Lazeni mkeka wa futi 6 kwa 4 mahali pa kitanda, mwone kama mlango wafunguka. Mama achukue ndoo apite toka tangi hadi jikoni. Watoto waingie na kutoka. Kuhamisha ukuta wa majivu ni kazi ya ufagio. Kona ikipimwa kwa kamba ya futi 12 yenye mafundo penye futi 3 na futi 7, ncha zake zikaunganishwa na kamba ikavutwa pembetatu, pale penye fundo la futi 3 patakuwa na pembe sawa. Kamba hiyo nimeileta, iko mezani kwa Bwana Katibu, na baada ya chai tutapima nje uwanjani pamoja na yeyote apendaye.