Kabla ya Plasta: Mtandao wa Kompyuta Ndani ya Jengo la Shule



Shule inapoomba ushauri kuhusu mtandao, swali la kwanza huwa la vifaa: tununue rauta gani? Kwangu hilo ndilo swali la mwisho. Jioni ya leo nina hoja moja ya kutetea: mtandao wa shule ni sehemu ya jengo, na uamuzi wake mkubwa hufanyika wakati mafundi wanapandisha ukuta, miezi mingi kabla kompyuta ya kwanza haijashushwa kwenye gari.

Tazameni umri wa vitu hivi. Paipu iliyozikwa ukutani itadumu kadiri ukuta utakavyosimama. Kebo nzuri ya shaba hufanya kazi miaka 15 au 20. Swichi isiyopikwa na joto hufika miaka saba. Kifaa cha Waifai kimeshapitwa na wakati baada ya mitano au sita, na kompyuta za msaada aghalabu hufika zikiwa tayari wazee. Halafu fungueni bajeti. Fedha nyingi zimewekwa kwenye kitakachokufa mapema, na kitakachodumu hakina hata mstari wake. Wafadhili hupenda kupiga picha pembeni ya kompyuta. Aliyepiga picha na paipu bado sijamwona.

Tuchukue jengo la kufikirika, ila la aina tunayoijua sote: ghorofa moja, madarasa sita chini na sita juu, baraza ndefu mbele, ofisi upande mmoja, maktaba na chumba cha kompyuta upande mwingine. Urefu wake mita 64. Kabati la vifaa liwekwe wapi? Jibu la haraka ni ofisi ya mkuu wa shule, kwa kuwa ina nondo dirishani na kufuli imara. Lakini hebu tupime. Ethaneti, ambayo Robert Metcalfe alianza kuibuni mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California, leo husafiri kwenye kebo ya jozi za shaba zilizosokotwa, na kipande kimoja kinaruhusiwa mita 100: mita 90 zilizofungwa ukutani na 10 za nyaya fupi za kuunganishia. Kebo hairuki moja kwa moja kama ndege. Hupanda hadi darini, hufuata baraza, huvuka sakafu, hushuka ukutani. Kutoka ofisi ya pembeni hadi chumba cha mwisho cha juu tunafika kwenye mita 75 au zaidi, na kiwanja kikiruhusu siku moja kuongeza vyumba viwili upande ule, tumekwama.

Lisogezeni kabati katikati ya jengo, kwa mfano kwenye stoo ya vitabu karibu na ngazi. Tuseme tunahitaji soketi 24, na kutoka pembeni wastani wa kila kebo ni mita 45: jumla mita 1,080. Kutoka katikati wastani unashuka hadi kama mita 28: jumla mita 672. Kebo huuzwa kwa boksi la mita 305, kwa hiyo kusogeza kabati kumeokoa boksi zima na ushee, bila kumnyima mtu yeyote kitu. Stoo yenyewe lazima ipitishe hewa. Chumba kisicho na tundu chini ya bati, mwezi wa Februari, ni tanuri.

Nikishataja kebo sina budi kutoa onyo. Sokoni imejaa kebo ya aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, nayo huuzwa kwa jina lilelile na rangi ileile. Haikidhi viwango, hukatika inapokunjwa, na ikipitishwa umeme wa kulishia vifaa hupata joto kuliko shaba. Kwangueni ncha kwa kisu: mkiona weupe chini ya wekundu, rudisheni boksi dukani. Mjue pia kuwa boksi la shaba tupu ni zito zaidi, na fundi mzoefu hulitambua kwa kulinyanyua tu.

Sasa paipu. Kila darasa lipate paipu moja ya milimita 25 kutoka baraza hadi ukuta wa mbele, karibu na ubao, na nyingine hadi dari. Paipu ya ukubwa huo hupokea kebo nne za aina ya sita bila kubanwa. Ndani yake ibaki kamba ya kuvutia, hata kama hakuna kebo itakayopita mwaka huu. Zisichanganywe na nyaya za umeme. Kazi hii ikifanywa kabla ya plasta, haimpotezei fundi hata siku nzima. Ikifanywa baadaye, ukuta huchanwa kwa grainda, vumbi huingia kwenye kompyuta mpya, masomo husimama. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zenye kuta nene za mawe na chokaa, na zilizo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, huwezi kuchana ukuta upendavyo. Huko kebo hupita juujuu, kwa staha, na baada ya ruhusa.

Najua wapo wanaosema moyoni: siku hizi kuna Waifai, nyaya za nini? Kila kifaa cha Waifai kinachoning'inia darini kina waya nyuma yake. Zaidi ya hapo, hewa ni ya wote. Kwenye chaneli moja huzungumza kifaa kimoja kwa wakati mmoja, wengine wakisubiri zamu, na tableti 40 katika darasa moja ni foleni ndefu. Katika masafa ya gigahezi 2.4 zipo chaneli tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Mafundi wengi hutundika vifaa vyote barazani kwa sababu ni rahisi kufika. Pale barazani mawimbi hayana kizuizi, kwa hiyo kila kifaa humsikia mwenzake kutoka mwisho hadi mwisho na wote hungojana, huku ukuta wa tofali za saruji ukimpunguzia mwanafunzi aliye ndani. Wekeni vifaa ndani ya madarasa, vipishane: darasa la kwanza chini, la pili juu, la tatu chini. Mtumie masafa ya gigahezi 5 kila tableti zinapoyakubali, na kuta zile zilizokuwa kero zitawasaidia kutenganisha chaneli. Chumba cha kompyuta na ofisi zibaki kwenye waya.

Kuhusu umeme nitasema machache. Swichi inayolisha vifaa vya Waifai kupitia kebo ileile ya data hukuruhusu kuweka betri mahali pamoja tu, kabatini. Vifaa vinane, swichi na seva ndogo vinaweza kula kama wati 200. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Tukitumia nusu ili isife mapema, tunapata saa tatu hivi. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, mnafika kipindi cha mchana, mradi chumba cha kompyuta kinatumia kompyuta mpakato.

Radi haitaki maneno machache. Wenzetu wa kanda ya Ziwa Victoria, sehemu mojawapo yenye ngurumo nyingi zaidi duniani, wanajua. Radi inapopiga ardhini karibu na shule, volti ya udongo chini ya bwalo na chini ya madarasa hutofautiana kwa muda mfupi sana, na waya wa shaba unaounganisha majengo hayo mawili hugeuka njia ya mkondo kukimbilia. Swichi za pande zote mbili huungua pamoja. Kati ya jengo na jengo pitisheni faiba isiyo na chuma ndani yake. Ni kioo, haipitishi umeme, wala haijali kama bwalo liko mita 150, mbali kuliko shaba inavyoruhusiwa.

Baada ya kuta, umeme na radi, tunafika kwa watu. Kaeni na mhasibu, mwalimu wa taaluma na mkutubi, muwaulize nani hutumia nini, saa ngapi, na nani hapaswi kuona nini. Mhasibu ana malipo. Mwalimu wa taaluma ana alama na usajili wa watahiniwa wa Baraza la Mitihani (NECTA), na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo alama za mtoto haziwezi kukaa kwenye mtandao mmoja na tableti za kidato cha pili. Swichi nzuri hugawanywa kuwa mitandao mitatu isiyoonana: ofisi 10.20.10, wanafunzi 10.20.20, wageni 10.20.30, kila mmoja ukibeba vifaa 254. Ifungwe pia isikubali mtu mwingine kugawa anwani, maana mwalimu mmoja akichomeka rauta yake ya nyumbani ukutani, nusu ya shule hupotea njia na hakuna anayejua kwa nini.

Kisha intaneti, ambayo wengi huidhania kuwa ndiyo mtandao wenyewe. Wanafunzi 40 wakifungua kwa pamoja video ya megabaiti 20, hizo ni megabaiti 800, yaani megabiti 6,400. Kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde zitachukua sekunde 640, karibu dakika 11 za kipindi cha dakika 40. Video ileile ikikaa kwenye seva ya shule, na chumba cha kompyuta kikiwa na waya wa gigabiti moja, hesabu inatoa sekunde zisizofika saba. Hata kama hali halisi itazidisha mara tatu, mwalimu hajapoteza kipindi. Programu za Kolibri na Kiwix hutolewa bure kwa kazi hii, na Wikipedia ya Kiswahili nzima huingia kwenye diski ndogo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, hitilafu kwenye mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom iliyumbisha intaneti Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Shule yenye seva yake ilikuwa na uwezo wa kuendelea na somo la biolojia Jumatatu asubuhi.

Sijasema neno kuhusu uhamisho. Mwalimu wa TEHAMA akihamishwa, manenosiri huondoka naye. Kila kebo iwe na lebo pande zote mbili, mchoro ubandikwe ndani ya mlango wa kabati, na manenosiri yakae kwenye bahasha iliyofungwa katika sefu ya mkuu wa shule. Mkandarasi asilipwe hadi kila soketi ipimwe kwa kipimo cha kebo na karatasi ya matokeo ikabidhiwe.

Shule nyingi mpya za sekondari hujengwa kwa ramani elekezi zinazotoka serikalini, na mafundi wa hapohapo wakifuata mchanganuo wa gharama ulioambatanishwa. Ombi langu kwa wahandisi wa halmashauri waliomo humu ukumbini linahusu mchanganuo huo. Ongezeni mistari minne: paipu za milimita 25 na kamba zake kwa kila darasa, paipu ya kuunganisha majengo, izikwe pamoja na bomba la maji lakini kwa nafasi ya kutosha, kifimbo cha ethi (cha kupeleka mkondo ardhini) kwa ajili ya kabati, kikiungwa na ethi ya jengo, na mlango wenye kufuli na matundu ya hewa kwenye stoo ya katikati. Wanafunzi wangu wa mwaka wa nne wako tayari kuichora mistari hiyo juu ya ramani iliyopo na kuileta ofisini kwenu bila malipo.