Tusome kwa sauti mbele ya kutia sahihi
(Maneno yaliyosemwa mu mukutano ya banamemba, Hewa Bora)

Ba papa, ba mama, na ninyi vijana munasimama kule nyuma: Komite ilituomba tuseme juu ya ile mukanda tunataka kuandika, habari ya kukimbilia Zambia na kurudia. Bengine betu balikaa Kala, bengine Mwange, mpaka njia ya kurudia ilifunguliwa mu 2007. Bafadhili nabo batasoma. Njo maana kazi iko na hatari yake.

Kila mutu hapa anajua vile batu balikuwa banajibu mu kambi. Mwenye kuuliza akifika na karatasi ya blanketi, unamujibu ya blanketi. Hatulaumu mutu, batoto balipashwa kula. Lakini majibu ya mustari wa posho haiwezi kuwa historia yetu.

Hapa hapa Lubumbashi tuko na mufano. Mu 1965, maboi ba zamani, bale balipika na kufua mu manyumba ya Bazungu, balikuwa na chama yabo, sawa siye. Kwa jina ya ile chama, André Yav aliandika historia ya muji, ikaitwa Vocabulaire ya Elisabethville. Habakungojea profesa. Baliandika Kiswahili yabo vile banasema, bila kuangaika na nukta na koma. Kiisha mutafiti Johannes Fabian, mwenye aliichapisha mu 1990, aliona macho peke yake haitoshi. Kalundi Mango, mutu wa hapa kwetu, aliisoma kwa sauti, njo maneno ikaachana moja moja, ikasikilika.

Siye tunapenda ile kazi ya kusoma kupita yote. Kwa hiyo tunaomba: kila habari isomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe. Mwenye hajue kuandika aseme, kijana aandike, kiisha amusomee. Mama akisema "hapana, haiko vile nilisema", inafutwa, hata kama ilikuwa maneno ya kupendeza namna gani. (Vijana ba masomo, tunabaangalia ninyi.) Kama haukumbuke mulitembea siku ngapi, andika "sijue". Na kama moja anasema tulivuka usiku na mwengine anasema mchana, yote mbili iingie. Majina ya bale bamekufa, tuulize jamaa yabo kwanza.

Ba rafiki bafadhili, mutakuta kurasa zenye hazina machozi: mpira, ndoa, mashamba ya mihogo. Musifikiri tunaficha mateso. Mutakuta pia hasira juu ya namna musaada iligawanywa. Hiyo tutaiacha vile iko, na tunajua inaweza kutukosesha makuta.

Makaye iko kwa sekretere. Tunaanza na ba mama ba likelemba, sababu bao banakutana kila juma, hata mvua ikinyesha.